Daktari, mwanangu anafunga dari: Nimkataze?

Mama mmoja aliingia chumbani kwangu kliniki akiwa amemtangulia mwanawe wa miaka 22. Kijana alinipa shikamoo akiwa amegeuza mwili mzima, kwa sababu shingo ilikuwa haigeuki. Kabla sijauliza lolote, mama alianza yeye: “Daktari, mwambie aache hii kazi. Mimi nimesema hadi nimechoka.”

Kazi yenyewe ni ya kufunga dari. Alianza kama saidia fundi alipomaliza kidato cha nne, akibeba bodi za jipsamu na kukoroga unga wa kuzibia maungio. Sasa ni fundi kamili. Anafunga fremu, anapandisha bodi, anakaza skrubu, anaziba maungio na kupiga msasa. Kwa kazi hiyo analipa kodi ya chumba chake na kumsomesha mdogo wake. Lakini shingo inauma, mkono wa kulia unakufa ganzi usiku, na anakohoa kila asubuhi kwa mwezi wa pili sasa.

Sikumwambia aache kazi. Nilimwomba mama akae, nikafunga mlango, tukazungumza wote watatu. Mazungumzo yale ndiyo ninayokuletea leo, ndugu msomaji, kwa sababu najua nyumba nyingi zina kijana wa namna hii. Na kama huna fundi nyumbani, huenda mwezi ujao utamwita mmoja aje kukufungia dari ya sebule.

Shingo na mabega

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Ukisimama wima, mifupa ya shingo inaubeba uzito huo bila shida. Fundi wa dari hufanya kazi akiwa ameangalia juu kwa saa nyingi, kichwa kimelalia nyuma na mikono iko juu ya mabega. Misuli ya nyuma ya shingo inakaza muda wote, na njia ambazo mishipa ya fahamu hupitia kutoka shingoni kwenda mkononi zinabanwa. Ndiyo sababu mtu anaumwa shingo lakini ganzi anaisikia kwenye vidole.

Bega nalo lina kano zinazopita kwenye nafasi nyembamba chini ya mfupa. Kila unapoinua mkono juu ya kichwa, kano hizo zinasuguana na mfupa. Ukifanya hivyo mara chache hakuna tatizo, lakini anayekaza skrubu mamia kwa siku, tena akiwa ameshika drili nzito, anazichosha hadi zinavimba, na nyingine huchanika.

Bodi moja ya jipsamu ya kawaida, ya futi nne kwa nane, ina uzito wa takriban kilo 20. Kuipandisha peke yako kwa kuibeba kichwani ukiwa juu ya ngazi ni kuitafutia shingo yako balaa.

Nilimwelekeza kijana mambo manne. Kwanza, bodi ipandishwe na watu wawili, na ishikiliwe kwa mti wenye umbo la herufi T wakati mmoja anakaza skrubu. Mti huo unatengenezwa kwa mbao mbili na misumari, hauna gharama. Pili, asimame kwenye jukwaa lenye kimo kinacholeta dari karibu na kichwa, ili asinyooshe mikono hadi mwisho wala kulaza kichwa nyuma kabisa. Tatu, kila baada ya nusu saa ashushe mikono, atazame chini, azungushe mabega kwa dakika mbili. Nne, siku isiwe ya juu tu. Asubuhi akifunga bodi, mchana afanye kazi ya kukata na kupima chini.

Kuna dalili ambazo hazingoji. Kama vitu vinakuponyoka mkononi, mkono unapoteza nguvu, miguu inakuwa mizito au unashindwa kuzuia haja ndogo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya maumivu ya kila siku

Nilipomuuliza anatumia nini, kijana alitoa mfukoni kipande cha karatasi ya diklofenaki. Anameza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa miezi minne. Ananunua duka la dawa la jirani na saiti, na mara nyingi anameza kabla hajala chochote.

Dawa za kundi hili zinatuliza maumivu kweli, lakini ukizitumia kila siku zinachubua tumbo hadi kuleta vidonda, zinapandisha shinikizo la damu na zinaumiza figo. Hatari kwa figo inakuwa kubwa zaidi kwa mtu anayefanya kazi chini ya bati la moto, anatoka jasho na hanywi maji ya kutosha. Figo haziumi zinapoanza kuharibika. Wengi tunawapata wakiwa wamechelewa.

Kama unahitaji dawa ya maumivu kila siku ili uende kazini, tatizo halitibiwi, linafunikwa tu. Njoo tulitafute.

Vumbi

Mama alikuwa na hofu kubwa na vumbi jeupe la jipsamu, kwa sababu ndilo analoliona kwenye nguo. Jipsamu yenyewe inawasha macho, pua na koo, na inakohoza. Kwa mtu mwenye pumu inaweza kuamsha shambulio. Lakini vumbi linaloniogopesha mimi ni lile lisiloonekana.

Fundi anapotoboa zege au tofali kwa drili ili afunge fremu, anatoa vumbi lenye madini ya silika. Baadhi ya unga wa kuzibia maungio pia una silika ndani yake, na unapopigwa msasa ukiwa mkavu, vumbi linabaki hewani kwa muda mrefu. Chembe zake ndogo zaidi hazionekani kwa macho. Zinapita puani, zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa na kukaa humo. Mapafu yanajaribu kuzipambana, yanashindwa, yanaota makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na mpaka leo hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo.

Silika pia inadhoofisha ulinzi wa mapafu dhidi ya kifua kikuu. Mtu mwenye silikosisi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua TB kuliko mwenzake, na katika nchi kama yetu ambako TB ipo mitaani, hilo si jambo la kubahatisha. Kwa hiyo fundi yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayepungua uzito au kutema damu, apimwe makohozi. Asiseme “ni vumbi tu.” Kipimo na matibabu ya TB katika vituo vya serikali ni bure.

Barakoa ya kitambaa, leso iliyofungwa usoni na ile barakoa ya bluu ya hospitali hazizuii chembe hizo. Kinachozuia ni barakoa aina ya N95 au inayolingana nayo, iliyobana vizuri pembeni mwa pua na mashavu. Ndevu nyingi zinaacha upenyo. Ikilowa au ukianza kupumua kwa shida, ibadilishe.

Barakoa hata hivyo ni kinga ya mwisho. Ya kwanza ni kupunguza vumbi lenyewe. Lainisha maungio kwa sponji yenye maji kabla hayajakauka kabisa, badala ya kusubiri msasa mkavu. Fungua madirisha na milango. Usifagie chumba kikiwa kikavu, nyunyiza maji kwanza. Na kama unavuta sigara, hii ni sababu nyingine ya kuiacha.

Dari za zamani

Kabla ya kufunga dari mpya, mara nyingi fundi anabomoa ya zamani. Hapa simama kwanza.

Baadhi ya nyumba na majengo ya miaka ya nyuma yaliezekwa au kufungwa dari kwa shiti ngumu za kijivu zilizochanganywa saruji na asbesto. Shiti ikiwa nzima na haijaguswa, hatari yake ni ndogo. Ikivunjwa kwa nyundo au kukatwa kwa grenda, inatoa nyuzi nyembamba zisizoonekana. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ile ya utando unaoyazunguka mapafu. Ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baadaye, wakati fundi ameshasahau hata nyumba ilikuwa mtaa gani. Na akiwa mvutaji wa sigara, hatari ya saratani ya mapafu inaongezeka maradufu na zaidi.

Huwezi kuitambua asbesto kwa kuitazama tu. Kama jengo ni la zamani na shiti ni za namna hiyo, usizivunje. Mwambie mwenye nyumba au mkandarasi aulize wataalamu wa afya na usalama kazini au wa mazingira kabla kazi haijaanza. Kukataa kuvunja shiti usiyoijua si uvivu.

Juu ya dari kuu kuu pia kuna kinyesi cha popo na panya. Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kuwa na ukungu unaoingia kwenye mapafu na kuleta homa na kikohozi kinachofanana sana na TB. Kilowanishe kwa maji kabla ya kukizoa, vaa N95 na glovu, na ukija kwetu na kikohozi tuambie ulichokuwa unakifanya. Daktari asipojua kazi yako, anatibu nusu ya ugonjwa.

Vumbi lisifike nyumbani

Hapa mama ndiye aliyeshtuka zaidi, maana kijana alikuwa na mazoea ya kuja kwake moja kwa moja kutoka saiti na kumbeba mjukuu wake wa miezi minane.

Vumbi la kazini linasafiri kwenye nguo, nywele na viatu. Fundi abadilishe nguo kabla ya kuondoka saiti, azitie kwenye mfuko, na zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za watoto. Asizikung’ute ndani. Aoge kabla hajamshika mtoto.

Na wewe mzazi unayefungiwa dari huku unaishi humohumo, usiwaache watoto ndani siku ya kupiga msasa, hasa mwenye pumu. Wapeleke kwa shangazi au kwa jirani. Toa au funika vyombo, maji ya kunywa na vitanda, na usiwarudishe kabla chumba hakijapigwa deki.

Jicho, umeme na bati

Anayefanya kazi akiangalia juu anapokea kila kinachodondoka. Miwani ya kinga ni ya lazima kama skrubu zilivyo za lazima. Ukiingiwa na unga, saruji au chokaa, usifikiche. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda kituo cha afya. Kama ni kipande cha chuma kimechoma jicho, usiruhusu mwenzako akitoe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya leso. Lifunike bila kulikandamiza, nenda hospitali. Usinunue dawa ya matone kwa kubahatisha, na usitie asali wala maziwa ya mama.

Juu ya dari kuna nyaya. Kabla ya kupanda, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si ya ukutani pekee. Mwenzako akishikwa na umeme usimguse, kata umeme kwanza. Na aliyepigwa na umeme kisha akazimia, au anasikia moyo unaenda mbio au kifua kinauma, aende hospitali hata kama sasa anacheka, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Halafu kuna pepopunda. Fremu za bati zinakata kama wembe, na misumari ya dari iliyobomolewa ina kutu na uchafu. Wanawake wengi hupata chanjo ya pepopunda wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawajachomwa tena tangu walipokuwa wachanga, wala hawakumbuki. Baba na kijana wa saiti, uliza chanjo hiyo kituoni kwako. Mtu mzima aliyekamilisha dozi za awali huhitaji kurudia kila baada ya miaka 10, na akipata jeraha chafu huenda akahitaji mapema zaidi. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni. Usilifukie kwa majani, mafuta ya taa wala jipsamu.

Anguko “dogo”

Niliacha hili mwisho makusudi, kwa sababu ndilo linaloniumiza.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa fundi aliyeanguka akifunga dari ya sebule. Si ghorofani. Miguu yake ilikuwa kiasi cha mita moja na nusu kutoka chini, juu ya ubao uliolazwa kwenye ndoo mbili za rangi na meza. Ubao uliteleza. Wenzake, kwa upendo kabisa, walimwinua, wakamkalisha katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, wakamkimbiza. Alipofika hakuwa anaisikia miguu yake. Hakutembea tena.

Mpaka leo siwezi kusema kama ni anguko lililomkata uti wa mgongo au ni ile safari. Wenzake waliniuliza swali hilo kwenye korido, nami sikuwa na jibu la kuwapa. Ninachoweza ni kukuambia wewe, kabla halijakukuta.

Mtu akianguka na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, au amepoteza fahamu, msimwinue wala kumkalisha. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke. Tafuteni gari ambalo atalala chali. Mlazeni juu ya kitu kigumu na bapa, hata mlango uliong’olewa, mkimgeuza watu wanne kwa pamoja, kichwa na mwili kama kipande kimoja. Bodaboda hapana. Dakika chache za kusubiri gari ni bora kuliko kiti cha magurudumu cha maisha.

Aliyegonga kichwa na kurudi nyumbani asilale peke yake usiku huo. Akianza kutapika, kichwa kikauma kwa kuzidi, akawa na usingizi usio wa kawaida, akachanganyikiwa, au damu au maji maji yakamtoka puani au masikioni, mrudisheni hospitali haraka.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Jukwaa imara, si ndoo na meza. Ngazi isiyofungwa kamba mahali palipovunjika. Ngazi ya kuegemeza ikipanda mita nne, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani. Asipande aliyelewa, mwenye kizunguzungu, wala aliyeshinda na njaa. Na maji ya kunywa yawepo saiti, maana joto chini ya bati linaangusha mtu.

Haki zako

Kwa sheria zetu hapa Tanzania, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari. Mzazi, kama mwanao wa miaka 15 anapandishwa juu ya majukwaa wakati wa likizo, una haki na wajibu wa kusema hapana.

Aliyeajiriwa na mkandarasi au kampuni anapaswa kusajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango unalipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia, au ukiugua kwa sababu ya kazi, toa taarifa kwa mwajiri mapema na tunza karatasi zote za hospitali. Mahali pa kazi panaposimamiwa vibaya, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wa kuambiwa.

Fundi anayejitegemea akubaliane na mwenye nyumba kabla hajaanza: nani analeta jukwaa, nani ananunua barakoa, nani analipa gari la hospitali. Na wewe mwenye nyumba, ukipunguza bei hadi fundi apande juu ya ndoo za rangi, ujue kilichopunguzwa ni usalama wake.

Kijana yule alipima makohozi, hakuwa na TB. Picha ya kifua ilikuwa safi. Kikohozi kilipungua alipoanza kuvaa N95 na kulainisha kwa sponji. Diklofenaki aliiacha, na mazoezi ya shingo na bega yalimsaidia, ingawa ganzi ilichukua zaidi ya miezi miwili kuisha.

Siku ya mwisho kliniki mama aliniuliza tena, “Kwa hiyo daktari, nisimkataze?”

Nilimwambia, “Mama, usimkataze dari. Mkataze ile ndoo.”

Akamgeukia mwanawe. “Umesikia?” Kijana akaitikia kwa kichwa, na safari hii shingo iligeuka.